Viingilio vya Malindi na Watamu: Jinsi ya Kulipa Bei Iliyo Yako

Likizo ya Agosti ikikaribia, na tena ile ya Disemba, swali moja huzunguka katika vikundi vya WhatsApp vya kila ukoo wenye mtu wake Malindi: "Kuingia Marine siku hizi ni pesa ngapi?" Majibu huja kwa wingi na hayafanani. Mmoja anataja bei ya enzi zake za shule. Mwingine anatuma picha ya orodha ya bei za mbuga ya Nairobi. Wa tatu ana binamu mwenye boti, na binamu ametaja jumla moja iliyokwisha kuchanganya hifadhi, boti, miwani na chai yake mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwapeleka watu wake Hifadhi ya Bahari ya Malindi (ndiyo hiyo Marine), Magofu ya Gede, Nguzo ya Vasco da Gama, msitu wa Arabuko-Sokoke au bonde la Marafa bila kulipa shilingi isiyomhusu. Niseme mapema: tiketi yenyewe haina mnada. Askari wa lango hana uwezo wa kukupunguzia, na ukimbembeleza unamtia majaribuni tu. Ndugu zetu walioko Italia wamezoea mambo mengine. Tiketi ya Gardaland, bustani yao ya michezo na burudani, ukiinunua mtandaoni kabla ya siku yenyewe huwa nafuu kuliko ya dirishani, na kule California, Disneyland ilianza mwaka 2016 kutoza kwa kuangalia siku: siku ya umati bei juu, siku ya watu wachache bei chini. Kwetu kiingilio cha hifadhi kimewekwa kwa kanuni, na hakijui Jumatatu ya mvua wala Idi pili. Nafuu iko pengine: kwenye daraja unaloandikiwa, kwenye misamaha ambayo watu hawaiulizii, na zaidi ya yote kwenye gharama zinazoizunguka tiketi, ambazo kwa mwananchi mara nyingi huipita tiketi yenyewe.

Hatua ya kwanza: jua lango ni la nani

Malindi ni mji mdogo lakini malango yake yana wenyewe mbalimbali. Hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, iko chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Gede, Nguzo ya Vasco da Gama, kanisa dogo la Wareno na jumba la makumbusho ya mji ni za Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Arabuko-Sokoke ina wenye nyumba zaidi ya mmoja, maana KWS na Shirika la Misitu, KFS, wote wamo. Marafa na ile njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko ya Mida ni mambo ya watu wa pale pale.

Haya si maelezo ya kujaza ukurasa. Kila mwenye lango ana orodha yake, madaraja yake na wakati wake wa kupandisha. Ukisikia redioni kwamba "bei za mbuga zimepanda", hiyo ni habari ya KWS. Gede haipandi kwa sababu Amboseli imepanda. Na ukisikia bei ya makumbusho imebadilika, boti yako ya Marine haihusiki.

Hatua ya pili: tafuta bei ya leo, si ya kusimuliwa

KWS wenyewe walisema kuwa ada zao hazikuwa zimefanyiwa mapitio kamili tangu mwaka 2007. Ndiyo maana watu walishtuka. Kwa karibu miaka 18 mtu aliweza kukariri bei kama namba ya simu ya nyumbani, halafu kanuni mpya zikatangazwa kuanza tarehe 1 Oktoba 2025, na wadau wa utalii wakazipeleka mahakamani. Katika orodha hiyo mpya, mwananchi anayeingia mbuga ya Nairobi alitoka shilingi 430 hadi 1,000, na wa Amboseli au Ziwa Nakuru alitoka 860 hadi 1,500. Hizi ndizo tarakimu zinazorushwa kila mahali, na ndizo zinazowafanya watu wa Maweni na Barani waahirishe safari ya Casuarina, ufukwe wenye lango la Marine, wakidhani watalipa elfu kwa kila kichwa.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya Malindi. Hifadhi za bahari zina kundi lao, na kwa desturi kundi hilo limekuwa nafuu kabisa ukilinganisha na mbuga za nyika. Sitaandika hapa tarakimu ya leo kwa sababu utasoma kesho, na tarakimu ikiandikwa huanza safari yake mwenyewe. Fanya hivi: fungua kwspay.ecitizen.go.ke kwenye simu, ingia kwa akaunti yako ya eCitizen (mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni), chagua hifadhi unayotaka, tarehe, na idadi ya watu kwa kila daraja. Mfumo utakuonyesha jumla kabla hujalipa chochote. Ukishaiona, funga. Kuchungulia hakuna ada. Hiyo ndiyo bei, na yeyote atakayekutajia nyingine akuonyeshe ameitoa wapi.

Hatua ya tatu: hakikisha umeandikwa daraja lako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea Malindi, kwa sababu familia zetu zimechanganyika. Nyumba moja ya Shela unaweza kumkuta bibi wa Kimijikenda, baba Mwitaliano, watoto waliozaliwa Brescia, na shangazi aliyekuja kutoka Tanga kwa harusi. Wakifika langoni wote pamoja, karani akiangalia sura na kusikia lugha, atawaandika wageni watatu kati ya watano. Tofauti kati ya mwananchi na mgeni wa kimataifa si ya mia mbili tatu. Mgeni hulipa kwa dola, na tiketi yake moja huweza kuwalipia wananchi wengi.

Kwa hiyo tenganisheni karatasi kabla ya kutoka nyumbani.

Mkenya anayeishi nje ni Mkenya. Awe Roma, Muscat au Jeddah, daraja lake linafuata uraia, wala halifuati anakolala. Abebe kitambulisho au pasipoti ya Kenya. Tangu Katiba ya 2010, mtu aliyechukua uraia wa nchi nyingine anaweza kubaki na wa Kenya, lakini langoni maneno hayo hayatoshi. Ukija na pasipoti ya Italia peke yake, wewe ni Mwitaliano siku hiyo.

Watoto wa ndoa za mchanganyiko ndio wanaoonewa zaidi, tena kwa kimya. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 14, inasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni Mkenya, haidhuru kazaliwa wapi. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo vitasaidia kuliko kubishana. Pasipoti ya Kenya ya mtoto ndiyo bora, kama ipo. Weka picha zake kwenye simu, lakini beba na karatasi. Simu huzimika.

Mume au mke wa kigeni anayeishi hapa kwa kibali halali si raia, lakini si mtalii pia. Lipo daraja la mkazi, na bei yake ni ya kati, iko karibu zaidi na ya mwananchi kuliko ya mgeni. Atahitaji kitambulisho cha mgeni kinachotolewa na Uhamiaji au kibali chake cha ukaazi. Viza ya utalii haimfanyi mkazi, hata kama amekuwa akija kila Disemba tangu Malindi ilipokuwa na sinema.

Shangazi wa Tanga ni habari nyingine. Kwenye orodha ya KWS, raia wa Afrika Mashariki wako kundi moja na Wakenya. Orodha mpya ikaongeza kundi la Waafrika wa nchi nyingine, ambao hulipa chini ya mgeni wa kimataifa. Makumbusho wana mpangilio wao, na huenda shangazi huyo huyo akawa kundi moja baharini na jingine Gede. Muulizie kila lango kivyake, na asiache pasipoti au kitambulisho chake cha taifa hotelini.

Hatua ya nne: ulizia msamaha kabla ya kulipa

Kanuni mpya za KWS ziliwasamehe watoto wa miaka mitano kwenda chini, wananchi wa miaka 70 kwenda juu, na watu wenye ulemavu. Karani hatakuuliza kama mzee uliyemleta ametimiza sabini. Ni wewe wa kusema, na kitambulisho ndicho kinachotoa ushahidi. Kwa mwenye ulemavu, beba kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukiwa unajaza mtandaoni, usiwahesabu hawa kwenye tiketi za kulipia halafu ukaanza kudai urudishiwe. Kudai pesa zilizokwisha kuingia serikalini ni kazi ya mtu aliyestaafu.

Shule, madrasa na vyuo vina bei ya wanafunzi, lakini inatolewa kwa kundi lililojitambulisha. Andika barua yenye kichwa cha taasisi, muhuri, idadi ya wanafunzi na walimu, tarehe na jina la kiongozi wa safari, uipeleke ofisini siku kadhaa kabla. Kundi likifika bila barua, hata likiwa limevaa sare, linaweza kuandikwa kama watu binafsi, na mwalimu aliyekusanya pesa za kiwango cha chini ataona aibu mbele ya watoto.

Zipo pia siku za bure, na hizi hazitangazwi mapema sana. Tarehe 28 Septemba 2024 KWS walifungua malango yao bila malipo, siku moja baada ya Siku ya Utalii Duniani. Makumbusho nao huwa na desturi ya kuiadhimisha Siku ya Makumbusho ya Kimataifa, tarehe 18 Mei, na mara nyingine hufungua milango bure. Fuata kurasa zao rasmi katika wiki ya mwisho ya Septemba na katikati ya Mei. Usipange harusi kwa kutegemea siku hizo, na ujue kwamba baharini kilicho bure ni kiingilio tu. Nahodha atataka chake, na siku kama hiyo anajua kuwa watu ni wengi.

Kwa wapenzi wa magofu na makumbusho, kuna Kenya Museum Society, chama cha marafiki wa makumbusho. Mwanachama wake huingia makumbusho ya kitaifa bila kulipa kila mara. Kwa mtu anayekwenda Gede mara moja kwa miaka kumi haina maana. Kwa mwalimu wa historia, au kwa familia inayozunguka Fort Jesus, Gede na Lamu ndani ya mwaka mmoja, fanya hesabu yako.

Hatua ya tano: chagua siku kwa kuangalia mwezi na mto

Tiketi ya bahari iliyo ghali kuliko zote ni ile uliyolipa ukaona maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kanuni hazirudishi pesa kwa sababu samaki hawakuonekana. Kwa hiyo hatua hii, ingawa haitajwi na mtu yeyote anayezungumzia bei, ndiyo inayookoa zaidi.

Kwanza mto. Sabaki hushuka na udongo wa bara mvua zikinyesha, na kinywa chake kiko kaskazini mwa mji, karibu mno. Upepo wa kaskazi ukishika baada ya mvua za vuli, tope hilo husukumwa kuja upande wa Malindi, na hifadhi inaweza kuwa na ukungu kwa siku nyingi hata jua likiwa linawaka. Kusi ikivuma kwa nguvu, Mei hadi Julai, tope huelekea kwingine lakini bahari yenyewe imechafuka na boti zinaruka. Nyakati nzuri za Malindi ni pale kusi inapolegea, Septemba na Oktoba, na tena Februari na Machi mto ukiwa umepungua. Ikiwa wageni wako wamekuja wakati mbaya, wapeleke Watamu, ambako kinywa cha mto kiko mbali. Nauli ya matatu hadi Watamu ni ndogo kuliko hasara ya kulipia matope.

Pili maji. Matumbawe huonekana vizuri maji yakipwa, na siku za bamvua ndizo yanapopwa sana. Mtu wa pwani hahitaji programu ya simu kwa hili, kalenda ya Kiislamu inatosha. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu siku ya kumi na nne na kumi na tano, maji ya bamvua hupwa sana asubuhi, kwenye saa nne hivi, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo na boti ya kioo inaelea juu mno ya mawe. Ukipanga kutoka ufukweni saa tatu asubuhi siku ya bamvua, umepata tiketi ile ile inayolipiwa na aliyekwenda saa nane mchana, lakini wewe umeona bahari.

Hatua ya sita: boti ndiyo yenye mnada

Sasa tufike kwenye bei inayopungua. Boti ya kioo au ya kuogelea hukodiwa kwa mapatano, na mapatano ya Casuarina yana adabu zake. Usianze na bei. Anza na salamu, taja mtaa wako, ujulikane kuwa si mpita njia.

"Shikamoo mzee. Mimi ni wa hapa hapa Ngala, nimeleta watoto wa dada. Tupatie bei ya mwenyeji."

"Marahaba mwanangu. Mko wangapi?"

"Sisi ni sita. Hiyo bei ni ya boti nzima au ya kichwa? Na Marine imo au tunajilipia?"

Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo yote. Boti ya kichwa inampendelea mtu wa peke yake, na ya boti nzima inapendelea kundi. Mkiwa wawili au watatu, subirini kidogo ufukweni mkaungane na familia nyingine. Wenye boti wenyewe watawaunganisha, kwa sababu boti iliyojaa inawapa kazi bila kuchoma mafuta mara mbili. Na kiingilio cha hifadhi kikae kando kabisa. Nahodha akisema "zote pamoja ni kiasi fulani", mwambie kwa upole kwamba tiketi mtalipa wenyewe na yeye ataje boti tu. Mara nyingi utaona jumla imeshuka bila hata kuomba punguzo, kwa sababu ndani ya ile "zote pamoja" tiketi ilikuwa imehesabiwa kwa daraja la mtu mwingine.

Patana pia juu ya miwani na mipira ya kupumulia, muda mtakaokaa majini, na kama mtashushwa kwenye fungu la mchanga. Mkate wa kuwarushia samaki usiulipie. Haufai kwa samaki, na hifadhi ipo kwa ajili yao. Makombe na matumbawe hayachukuliwi, hata yaliyokufa.

Bichiboi atakayewafuata kutoka barabarani hadi kwenye boti akisema yeye ndiye aliyewaleta, anategemea kamisheni, na kamisheni hiyo inatoka mfukoni mwako. Si mtu mbaya. Mara nyingi ni kijana wa mtaa anayetafuta riziki msimu wa watalii ukiwa umelala. Lakini kama hukumhitaji, msalimie na umwambie mapema kuwa mna mwenyeji wenu. Ukimwacha atembee na nyinyi hadi mwisho, nahodha ameshaongeza fungu lake.

Msimu nao hupandisha bei ya boti. Disemba hadi Machi, Waitaliano wakiwa wamejaa, na Agosti vile vile, nahodha hana haja ya kukupunguzia. Aprili na Mei, hoteli nyingi zikiwa zimefunga, atakupigia simu mwenyewe. Wiki ya Idi na Pasaka ni kama msimu mkubwa, tofauti ni kwamba wateja ni sisi wenyewe.

Hatua ya saba: lipa palipo halali, ubaki na risiti

KWS hawapokei pesa taslimu. Malipo hupitia eCitizen, na namba ya malipo ya serikali kwenye M-Pesa ni Paybill 222222. Ukitajiwa till ya mtu, au namba ya simu ya "afisa", hiyo si tiketi ya hifadhi, hata kama anayekutajia amevaa kijani. Huduma nyingi za eCitizen huongeza ada ndogo kwa kila malipo, kwa hiyo mkiwa watu wanane msilipe mara nane. Mmoja ajaze majina yote kwenye ankara moja, na wengine wamrudishie.

Je, ulipe jana yake au asubuhi? Kwa kuwa hakuna punguzo la kulipa mapema, mimi husema asubuhi hiyo hiyo, baada ya kumpigia nahodha na kusikia bahari imeamkaje. Lakini mtandao wa Casuarina ukiwa na watu wengi husuasua, kwa hiyo jaza kila kitu usiku, bakisha kubonyeza kulipa tu. Ukishalipa, hifadhi picha ya risiti kwenye simu mbili. Tiketi ni ya kuingia mara moja. Ukitoka kula chakula cha mchana ukarudi, unaweza kutakiwa kulipa tena, basi bebeni maji na mahamri.

Mwenye gari akumbuke kwamba kwenye hifadhi za nchi kavu gari nalo lina ada yake kwa idadi ya viti. Arabuko-Sokoke ni msitu wa kutembea, na ndege wake na panya-sengi wa kiuno cha dhahabu hawaji karibu na injini. Acheni gari nje, na pesa hizo mpeni mwongozaji anayejua bundi wa Sokoke amelala mti gani.

Gede na mji: tiketi moja, maswali mawili

Gede iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mnamo Julai 2024, na tangu hapo wageni wa mbali wanaiulizia kwa jina. Kwa mwananchi bado ni mojawapo ya viingilio vya nafuu katika pwani hii, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kuliko vyote. Msikiti mkuu, jumba la mtawala, na lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, vyote viko chini ya miti mikubwa, kivulini, unaweza kukaa nusu siku. Ukiwa dirishani uliza kama tiketi inahusu pia vipepeo vya mradi wa Kipepeo na lile jukwaa la juu ya mti, au kama vinalipiwa kando. Mwongozaji mpatane kabla ya kuanza, kwa kundi, si kwa kichwa. Kima wa Gede hawana tiketi lakini wanapekua mifuko.

Kutoka Malindi panda matatu ya Watamu au ya Mombasa, shuka Gede, halafu tuktuk au miguu. Teksi ya hoteli kwa safari hiyo hiyo itakula bei ya tiketi za familia nzima.

Ukiwa mjini, usilipie Nguzo ya Vasco da Gama kabla ya kuuliza kama kuna tiketi ya pamoja inayojumuisha jumba la makumbusho na kanisa la Wareno. Maeneo haya yako ndani ya umbali wa kutembea, na ni ya mwenye lango mmoja, kwa hiyo swali hilo ni halali kabisa. Tunza tiketi hadi jioni, maana karani wa pili ataitaka. Makaburi ya nguzo karibu na Msikiti wa Juma, kule gatini, unayaona bila tiketi yoyote, na jeti yenyewe ni ya kila mtu.

Anayeendelea hadi Lamu aulize swali lilo hilo kwenye ngome, jumba la makumbusho, Nyumba ya Mswahili na ile posta ya Wajerumani, kwa kuwa zote ni za Makumbusho ya Kitaifa. Lamu, bei inayopanda wakati wa Maulidi ni ya malazi na mashua, kwa hiyo mwenye jamaa mtaani ampigie mwezi mmoja kabla.

Marafa

Nyari, kama Wagiriama wanavyoliita lile bonde lililomomonyoka, kiingilio chake ni kidogo na hukaa mikononi mwa wenyeji. Gharama ni barabara. Kukodi gari kwa watu wawili ni hasara. Jazeni probox, au subirini kundi. Ondokeni Malindi baada ya adhuhuri ili mfike jua likiwa limeinama, kwenye saa kumi na moja kasorobo, wakati mawe yanapogeuka mekundu na joto limepungua. Patana na dereva bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, nusu mkononi na nusu mkirejea mjini. Bebeni noti ndogo, kwa sababu mtandao wa simu kule hukatika na mwenye lango hana chenji ya elfu. Ombeni risiti, na mwongozaji wa kijiji mlipe kando: yeye hayumo kwenye tiketi.